Je, Wajua? Kanuni Inayozaa Picha

Sanaa zalishi, yaani ile ambamo msanii hutunga kanuni na kuiacha izae picha, haikungoja kompyuta: Vera Molnár, mzaliwa wa Hungaria aliyeishi Paris, alichora hivyo kwa mkono tangu 1959, akaanza kutumia kompyuta mwaka 1968. Ususi wa mikeka ya Wabajuni, jamii ya visiwani, una mantiki iyo hiyo, kwani chane ya miyaa iliyotiwa rangi hupita juu ya mbili na chini ya mbili, inayofuata ikasogea hatua moja, na mshazari ukajitokeza bila kuchorwa. Kwa hiyo mchoro dhahania, usioiga umbo la kitu chochote, hustahili kutazamwa kwa jicho la msusi, ambalo huona upesi palipokiukwa kanuni. Ukiukaji wa aina hiyo Molnár aliutia kwa makusudi: asilimia 1 ya vurugu katika michoro yake ya miraba.