Alama Mbili za Kichina za Kumfaa Msafiri

Ndugu zetu wengi, wake kwa waume, husafiri hadi Guangzhou kununua bidhaa, na huko kupata chakula cha halali huwa mtihani. Yafaa basi msafiri ajifunze kuandika alama hizi: 清真, zitamkwazo «ching-jen». Maana yake ni safi na kweli, nazo ndizo Waislamu wa China waandikazo juu ya milango ya mikahawa yao. Msikiti nao huitwa 清真寺.

Tofauti na hati tunayofunzwa chuoni, hapa kalamu huanzia kushoto. Alama ya kwanza, 清, ina mistari 11. Tia nukta tatu za maji, ya mwisho ikipanda juu. Maji ndiyo yabebayo maana ya usafi. Kisha andika kuliani 青, sehemu itoayo sauti.

Tahadhari na 肉, yaani nyama: ikiandikwa pekee, kwa kawaida ni ya nguruwe.

Mama, mwandikie msafiri wako kikaratasi, naye akariri kwa mkono wake. Akiwa na shaka akionyeshe na kuuliza, kwani kutafuta halali ni wajibu popote tuendapo.