Kujaza gesi ya kiyoyozi kila mwezi ni hasara kwa msafirishaji wa vifaranga

WAFANYABIASHARA wanaosafirisha vifaranga wa siku moja kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro wanaijua vizuri hatari ya msimu wa joto. Safari ni ya kilometa zipatazo 190, lakini foleni ya kutoka mjini inaweza kula saa nzima au zaidi. Gari likisimama juani huku kiyoyozi kimegoma, vifaranga huachama midomo, hutanua mabawa na kuanza kuhema. Wanaoumia zaidi ni wale wa katoni za katikati, ambako hewa haipiti.

Kifaranga anaweza kukaa hadi saa 72 bila kula kwa sababu bado ana kiini cha yai tumboni. Kwa hiyo adui mkubwa wa safari hiyo siyo njaa, ni joto. Katoni ya vifaranga 100 hujipasha yenyewe kutokana na miili yao, hivyo hewa ndani ya gari inatakiwa kuwa ya nyuzi 24 hadi 28 hivi. Mchana wa Januari, nje kukiwa na zaidi ya nyuzi 30, hali hiyo haipatikani bila kiyoyozi. Kufungua vioo husaidia gari likiwa kwenye mwendo, siyo kwenye foleni.

Kiyoyozi kikianza kupuliza hewa ya uvuguvugu, wenye magari wengi hukimbilia kwa fundi ili "aongeze gesi". Baridi inarudi, lakini baada ya wiki tatu au nne mambo huwa yale yale. Hapo ndipo fedha inapopotelea. Gesi ya kiyoyozi haiungui kama petroli wala hailiki kama mkanda wa injini. Inazunguka ndani ya mfumo uliofungwa. Ikiisha haraka kiasi hicho, kuna mahali panapovuja.

Mara nyingi mahali hapo ni kwenye hozi, yaani bomba la mpira linalounganisha kompresa na mabomba ya alumini. Kompresa hutikisika pamoja na injini, ndiyo sababu sehemu hiyo ikawekwa mpira. Miaka inavyopita mpira hukauka, sehemu ulipobanwa na chuma hulegea, au hozi husuguana na bodi hadi kutoboka. Dalili yake ni mafuta. Gesi inapotoka huondoka na mafuta ya kompresa, vumbi linanata hapo na kuacha doa jeusi lenye utelezi. Povu la sabuni likipakwa litachemka pale panapovuja, iwapo bado kuna gesi ya kutosha ndani. Kwa gari lenye kiyoyozi cha nyuma pia, kama zilivyo Noah nyingi, yakaguliwe na mabomba yanayopita chini ya sakafu, kwani hayo hupigwa na mawe na kukaa na matope mwaka mzima.

Tufanye hesabu ya mfano, na kila mtu aweke bei za mahali alipo. Tuseme kujaza gesi ni Sh50,000 na inajazwa kila mwezi kuanzia Novemba hadi Machi. Hiyo ni Sh250,000. Tuseme hozi mpya, vipuri vidogo, gesi na ufundi ni Sh300,000 kwa mara moja. Kwa hesabu hiyo wengi watachagua kujaza, kwa sababu Sh50,000 haiumi sana na hakuna anayeiandika kwenye daftari. Lakini mzigo wa vifaranga 1,000 kwa Sh1,500 kila mmoja ni Sh1,500,000. Wakifa watano katika kila mia, zimekwenda Sh75,000 kwa safari moja. Safari nne za namna hiyo zinatosha kulipia hozi, bila kuhesabu mteja anayehamia kwa muuzaji mwingine.

Tena kuna kompresa. Mafuta yanayovuja ndiyo yanayoilainisha, na ikikauka hujisaga hadi kufa. Bei yake hailingani kabisa na ya hozi.

Kazi yenyewe haitaki haraka. Gesi iliyobaki ivutwe kwenye mtungi, isiachiwe hewani. R-134a inayotumika kwenye magari mengi hupasha joto dunia zaidi ya mara 1,000 ya hewa ya ukaa kwa uzito ule ule, na mwaka 2016 mjini Kigali nchi zilikubaliana kupunguza matumizi ya kundi hilo la gesi. Hozi ikifungwa, oringi zote zilizoguswa ziwe mpya na zipakwe mafuta ya kompresa. Kichujio cha unyevu nacho kibadilishwe, maana mfumo ukikaa wazi hunyonya maji ya hewani, na maji hayo huzaa tindikali. Kisha pampu ivute hewa kwa angalau dakika 30, izimwe, na geji iangaliwe kama inatulia. Gesi hupimwa kwa gramu kufuata kibandiko kilicho chini ya boneti, siyo kwa kushika bomba kwa mkono.

Wapo wanaopendekeza kukata hozi na kuunga mpira wa mashine za majimaji. Mpira huo hupitisha gesi kidogo kidogo. Unaofaa ni ule maalumu wa viyoyozi. Wengine hujaza gesi ya kupikia. Hiyo inashika moto, na injini iko pale pale.

Fundi aulizwe mapema kama ana pampu na mizani. Asipokuwa navyo, atafutwe mwingine hata kama yuko mbali. Gari likiwa gereji na mzigo hauwezi kusubiri, gari la kukodi lipakiwe saa kumi alfajiri, katoni ziachiwe nafasi katikati, na Chalinze ipitwe kabla jua halijakolea.