Karatasi Nyepesi ya Kung'aa kwa Mabango Makubwa

Mabango makubwa ya karatasi huanzia ukubwa wa A2, yaani sentimita 42 kwa 59.4, na kufika A0, ambayo ni sentimita 84.1 kwa 118.9, sawa na takribani mita moja ya mraba. Uzito wa karatasi hutajwa kwa gramu kwa kila mita ya mraba. Karatasi ya kawaida ya kudurufia ina gramu 80, na ile ya picha za ukumbusho huwa na gramu 200 au zaidi. Karatasi nyepesi zinazofaa mabango ni za kati ya gramu 90 na 150.

Wepesi huo una maana kubwa kwa mnunuzi aliye mbali na mji. Mfano ni Bendera, wilayani Same, iliyo kwenye tambarare ya mashariki chini ya Milima ya Upare, katika barabara inayotoka Same kupitia Kisiwani, Gonja Maore, Ndungu na Kihurio hadi Mkomazi. Shule, kanisa au chama cha ushirika kinachohitaji mabango makubwa kwa kawaida huyaagiza Same mjini, Moshi au Dar es Salaam, na mzigo huja kwa basi. Mabango 300 ya A1, yaani nusu ya A0, yakichapwa kwenye karatasi ya gramu 200 yana kilo 30. Yakichapwa kwenye ya gramu 120 yana kilo 18. Zaidi ya nauli, karatasi nyepesi hulowana vizuri kwa gundi ya unga wa ngano na kulala sawasawa ukutani. Iliyo nzito hujinyanyua pembeni gundi inapoanza kukauka.

Mng'ao hutokana na tabaka la madini meupe, hasa kaolini na kalsiamu kaboneti, yanayochanganywa na gundi na kupakwa juu ya karatasi. Baada ya hapo karatasi hubanwa na kusuguliwa kati ya rola hadi uso wake uwe laini. Kaolini inapatikana katika vilima vya Pugu, Kisarawe, lakini karatasi ya kung'aa iliyo madukani huagizwa nje, hasa Asia na Ulaya, na kupitia bandari ya Dar es Salaam. Kiwanda cha Mgololo, Mufindi, kilichoanza katika miaka ya 1980 kikitegemea misonobari ya Sao Hill, kinajulikana zaidi kwa karatasi ngumu za kufungashia. Nchini Kenya, kiwanda kikubwa cha Webuye kilisimamisha uzalishaji mwaka 2009.

Jambo la kwanza la kuamua ni mashine itakayochapa, kwa sababu karatasi mbili zinazong'aa sawasawa zinaweza kuwa za kazi tofauti kabisa. Mashine za ofseti hutumia wino mzito wa mafuta na karatasi ambayo mafundi huiita ati pepa. Hii ndiyo rahisi kuipata ikiwa nyepesi: za gramu 90, 115, 130 na 150 ni za kawaida. Plota zinazopuliza wino wa maji huhitaji karatasi yenye tabaka maalumu la kuunyonya wino huo. Ati pepa ikiingizwa humo, wino hubaki juu bila kukauka, na kidole kikipita picha inachafuka. Karatasi ya plota yenye mng'ao mwingi mara nyingi huanzia gramu 180. Iliyo nyepesi zaidi huwa haing'ai sana. Ikiwa nyepesi kupita kiasi, hulowa na kufanya mawimbi, kisha hugusana na kichwa cha mashine.

Idadi ya mabango ndiyo huamua mashine. Ofseti ya rangi kamili hutaka pleti nne, za samawati, waridi, njano na nyeusi, na gharama ya pleti hizo haibadiliki hata yakichapwa mabango 50 au 5,000. Kwa hiyo mamia ya nakala huenda ofseti, na nakala chache huenda plota. Roli ya plota yenye upana wa inchi 36 na urefu wa mita 30 hutoa takribani mabango 50 ya A1, endapo upande mrefu wa bango utalazwa kwenye upana wa roli.

Karatasi ya ofseti huuzwa kwa rimu za shiti 500, na mizani hufichua uzito wake halisi. Shiti ya sentimita 64 kwa 90, inayotosha bango moja la A1, ikiwa ya gramu 115 hufanya rimu ya takribani kilo 33. Rimu yenye lebo ya gramu 115 ikipimwa na kukutwa na kilo 29, ndani yake mna karatasi ya gramu 100. Kwa karatasi ya plota, upande wa kuchapa hujulikana kwa kidole chenye unyevu kidogo: hunata upande wenye tabaka la wino na huteleza upande wa nyuma.

Kwa kubandika nje ipo karatasi yenye mgongo wa buluu, ya takribani gramu 115 hadi 120, inayong'aa upande mmoja tu. Buluu hiyo huzuia bango la zamani lililo chini yake lisionekane, na upande usiopakwa hushika gundi.

Karatasi huvuta na kutoa unyevu. Ikitoka kwenye hewa nzito ya Dar es Salaam na kufunguliwa kwenye ukavu wa tambarare za Same, hujikunja, hasa iliyopakwa upande mmoja. Rimu iachwe katika kifungashio chake siku nzima kabla ya kufunguliwa, na mabango yaliyokwisha kuchapwa yasafirishwe yakiwa yameviringishwa ndani ya bomba, picha ikiwa nje.

Juani, njano na waridi hufifia kwanza, bango likabaki na rangi ya buluu. Wino wa pigimenti, yaani wa chembe za rangi, hudumu kuliko wa dai, yaani wa rangi iliyoyeyushwa. Tangazo la kukaa nje miezi mingi, kupitia vuli na masika, lichapwe kwenye bana ya plastiki. Karatasi nyepesi ya kung'aa ni ya matangazo ya wiki chache, au ya ukuta ulio chini ya paa.