Kengele Inayolia Kabla Presha Haijashuka

Mgonjwa anapotiwa nusukaputi, hapotezi fahamu tu. Dawa zile zile zinazomlaza usingizi hulegeza mishipa ya damu na kupunguza nguvu ya moyo, na presha huteremka. Ikishuka mno na kukawia huko chini, figo, moyo na ubongo hukosa damu ya kutosha. Ndipo yaweza kutokea kwamba upasuaji umefanikiwa na jeraha limeshonwa vyema, lakini mgonjwa akaamka na figo zilizodhurika.

Kwa desturi, mtaalamu wa nusukaputi huiona presha imeshuka ndipo akaipandisha. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha programu ya kompyuta inayokusudiwa kumwonya mapema. Programu hiyo husoma umbo la kila pigo la damu mshipani, kisha hutoa alama kati ya 0 na 100. Kadiri alama inavyopanda, ndivyo hatari inavyokaribia: presha ya wastani huenda ikashuka chini ya 65 katika dakika chache zijazo. Hapo mtaalamu hupata wasaa wa kuongeza maji mwilini, kutoa dawa ya kukaza mishipa, au kupunguza ile ya usingizi.

Je, yafaa? Katika utafiti mdogo wa Amsterdam uliochapishwa mwaka 2020, wagonjwa waliolindwa na programu hiyo walikaa na presha ya chini kwa takriban dakika 8, ilhali wenzao walikaa takriban dakika 33. Mwaka huo huo, utafiti wa Cleveland, Marekani, uliohusisha wagonjwa 214, haukuona tofauti ya maana. Watafiti waligundua kwamba takriban nusu ya maonyo hayakufuatwa na tiba yoyote. Kengele ililia, na pengine muda ulikuwa mfupi, au aliyeisikia hakuchukua hatua. Tafiti zote mbili zilikuwa ndogo mno kuthibitisha iwapo maisha zaidi yaliokolewa.

Basi mashine hutabiri, lakini mwenye kuokoa ni binadamu aliye macho. Naye hutegemea onyo jingine lisilotoka kwenye kompyuta yoyote, nalo ni kauli ya mgonjwa mwenyewe.

Ewe mama, ikiwa wewe au jamaa yako mwatarajia upasuaji, msione haya kusema kweli. Mwelezeni daktari kuhusu presha, kisukari na maradhi ya moyo. Mtajieni kila dawa, hata mitishamba inayonywewa nyumbani. Zipo dawa za presha ambazo huagizwa zisimezwe asubuhi ya upasuaji, na zipo ambazo ni hatari kuzikatiza ghafla. Asiamue jirani, aulizwe daktari. Na mama anayejifungua kwa upasuaji kwa ganzi ya mgongoni, akihisi kizunguzungu au kichefuchefu, aseme papo hapo, kwani huenda presha yake inashuka, na mtoto aliye tumboni huitegemea damu hiyo hiyo.