Niache kazi nikomae na biashara? Mtazame Tingatinga kwanza

Swali linalojaa inboksi yangu ni hili: "Admin, nimeanza kuuza mtandaoni, oda zinakuja, niache kazi?" Leo nawajibu kwa mtu ambaye jina lake mnalijua kuliko maisha yake, Edward Saidi Tingatinga.

Kabla ya kushika brashi alishapita mashamba ya mkonge Tanga, na kazi za ndani Dar. Alianza kuchora mwaka 1968 hivi, ana miaka thelathini na kitu, shule ya sanaa hajaiona. Akachukua vipande vya hadibodi na rangi ya kupakia baiskeli. Hapo ndipo namvulia kofia! Malighafi ya dukani mtaani, mtaji kidogo, na rangi yenyewe inang'aa mteja akiwa bado mbali. Picha zikauzwa Morogoro Stores, Oysterbay, wanakopita wageni wenye hela.

Sasa sikia hii. Baadaye alipata ajira hospitali ya Muhimbili, na kuchora hakuacha. Mshahara huku, picha kule.

Mshahara una faida moja ambayo wengi hatuihesabu: unakupa ubavu wa kukataa bei mbaya. Ukishaacha kazi na mwenye nyumba anadai kodi, mteja akisema "nipunguzie" unapunguza tu, hata kwa hasara.

Kwa hiyo kabla ya kuandika barua, chukua faida ya miezi sita (faida, siyo mauzo jamani), toa kodi, chakula na ada. Kinachobaki niandikie kwenye komenti.