Sikio Hutangulia Kidole: Mtoto na Chuo cha Muziki

Sehemu ya Pili

Katika sehemu ya kwanza tulieleza namna taarabu ilivyoingia Unguja zama za Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, na namna ilivyotoka jumbani ikashuka mitaani hadi ikawa mali ya kila mwenye sikio. Leo tunamwendea mtoto. Mtoto wa sasa anayetamani kupiga udi, fidla au dumbaki ajifunze wapi, akae na nani, na mzazi wake afanye nini?

Wazazi wanaoniuliza hayo mara nyingi huja na jibu lao mkononi. Mmoja husema, "Mwanangu hana kipaji, kumpeleka ni kutupa pesa." Mwingine husema, "Wangu anacho, mwache, kitajitokeza chenyewe." Wawili hawa wanaonekana kupingana, lakini wamesimama juu ya dhana moja: kwamba kipaji huja kwanza, na mafunzo hukifuata nyuma. Miaka mingi ya kukaa karibu na wapigaji imenifundisha kinyume cha hayo. Tunachokiita kipaji, mara nyingi ni sikio lililolishwa mapema na kwa muda mrefu bila mtu kuhesabu siku.

Waliotangulia walijifunza vipi

Tumtazame Siti binti Saad. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na tangu hapo kila mtu anajua habari ya binti wa Fumba aliyebeba vyungu kichwani akivinadi kwa wimbo. Hadithi hiyo ni tamu, nasi tunaipenda kwa sababu inatufanya tuamini kwamba sauti ile ilishuka tu kutoka mbinguni. Tunasahau nusu yake ya pili. Alipohamia mjini alikaa na wapigaji, akafundishwa kwenda na ala na kuimba tungo za Kiarabu, akaimba nao usiku baada ya usiku. Hayo yote yalitangulia safari ya Bombay ya mwaka 1928, alikokwenda kurekodi santuri. Kunadi vyungu kulimpa pumzi, na kukaa na wapigaji kukampa sikio.

Fatuma binti Baraka, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Bi Kidude hadi alipofariki Aprili 2013, hakupata darasa wala cheti. Lakini tangu utotoni alisikiliza waimbaji wa zama zake, Siti akiwa miongoni mwao, na alikulia ndani ya ngoma ambamo mkubwa hupiga na mdogo hutazama mikono yake.

Vilabu vilifanya kazi hiyohiyo. Ikhwani Safaa kilianzishwa 1905, na Culture Musical Club kikafuata 1958. Usiku wa mazoezi, watoto wa jirani walikuwa hawakosekani chini ya dirisha. Nami nilikuwa mmoja wa waliokaa pale, nikigonga goti langu kufuata dumbaki nisiyoiona. Aliyevumilia miezi aliruhusiwa kuingia na kubeba ala, kisha akashikishwa tari. Hakuna aliyemwita mwanafunzi, lakini alikuwa akisoma.

Njia hiyo ilikuwa na kasoro mbili ambazo hatuna budi kuzikiri. Mlango ulimfungukia zaidi mtoto aliyezaliwa karibu nao, au ambaye mjomba wake alikuwa ndani. Tena msichana aliweza kuimba akasifiwa, lakini ilikuwa nadra kumkabidhi fidla au kanuni.

Mlango uliofunguliwa wazi

Mwaka 2002, ndani ya jengo la forodha ya zamani pembezoni mwa bahari, Mji Mkongwe, kilianza kufundisha Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi. Jina hilo linafafanua dhamira yake. Ni muziki wa nchi zilizounganishwa na pepo za kaskazi na kusi: Uarabuni, Bara Hindi, Pwani yetu na visiwa vyake. Jambo kubwa lililofanyika pale si kuleta muziki mpya, bali kuuondolea ule wa zamani sharti la ujirani na udugu. Mtoto wa Mwera au wa Bububu, ambaye kwao hakuna aliyewahi kugusa udi, aliweza kukaa mbele ya mzee aliyeupiga miaka arobaini. Wasichana nao waliingia, wakashika ala. Siti Amina, ambaye leo jukwaani huimba huku akipiga udi wake mwenyewe, amepitia chuo hicho.

Hapo ndipo kituo cha jamii kinapotofautiana na mwalimu wa kukodi nyumbani. Mwalimu wa nyumbani humpa mtoto somo na kuondoka, ilhali kituo humpa somo pamoja na kila kinachosikika ukutani: anayefanya mazoezi chumba cha pili, kundi la wakubwa wanaojiandaa kwa harusi, mwenzake wa rika moja aliyemzidi kidogo. Mtoto hujifunza robo kwa mwalimu na robo tatu kwa kusubiri zamu yake.

Somo la sanduku

Ukitaka kuona namna ala nyepesi inavyobeba elimu nzito, mtazame mtoto mbele ya kidumbaki. Muziki huu ni ndugu wa taarabu aliyekulia uani. Una vidumbaki viwili vya udongo, fidla moja, mkwasa wa vijiti, cherewa za vifuu, na sanduku. Sanduku ni kasha la majani ya chai lililopinduliwa, likatobolewa na kufungwa kamba, na kamba ikafungwa kwenye ncha ya fimbo. Ukivuta fimbo nje, kamba hukaza na sauti hupanda. Ukiilegeza, sauti hushuka.

Mtoto wa miaka minane akicheza nalo dakika kumi ameshajua kwa mkono wake jambo ambalo kitabu cha fizikia kitamweleza baadaye kwa maneno: mkazo wa uzi ndio unaoamua sauti. Ameshajua pia jambo la muziki lenyewe. Sanduku halina alama ya kumwonyesha asimame wapi. Hakuna kitufe wala mstari. Kinachomwambia kwamba amefika ni sikio lake peke yake, na sikio likikosea, wenzake wote watasikia.

Ndiyo maana napendekeza mtoto mdogo aanzie kwenye ngoma, sauti yake mwenyewe na sanduku, kabla hajanunuliwa chochote. Fidla zipo za vipimo vidogo, nusu na robo, kwa ajili ya mikono midogo. Udi ni mpana kwa kifua cha mtoto na unaweza kusubiri. Kanuni, yenye nyuzi sabini na zaidi, ambapo kila sauti huwa na nyuzi tatu zilizolinganishwa, inahitaji subira ya kuzikaza hata kabla ya kucharaza.

Jihadhari na kinanda kidogo cha umeme, ambacho wazazi wengi hukikimbilia kwa kuwa ni rahisi na kinawaka taa. Kinanda hukata ngazi ya sauti vipande kumi na viwili, basi. Lakini maqamu ya rasti, ngazi ya sauti ambayo ni kama mlango wa nyumba ya muziki wetu, ina sauti ya tatu inayokaa katikati ya funguo mbili za kinanda, mahali pasipo na ufunguo. Mpiga fidla na mpiga udi huifikia kwa kuteleza kidole, kwa kuwa ala zao hazina vigawanyo shingoni. Mpiga kanuni huipata kwa kuinua na kulaza vipande vidogo vya chuma vilivyo chini ya nyuzi. Mtoto aliyelelewa na kinanda peke yake ataisikia sauti hiyo na kudhani mpigaji amekosea.

Sikio ambalo tayari lipo

Hapa ndipo ninapotaka wazazi wa Pwani wasikilize kwa makini. Wengi wanadhani watoto wao wanaanza sifuri. Mtoto aliyekaa madrasa tangu miaka mitano ameshafundishwa kutofautisha sauti ndefu na fupi, kutulia kwenye ghuna, yaani sauti ya puani, kupokea aya kwa mdomo wa maalimu na kuirudisha kama alivyoipokea. Amesikia kasida kwenye maulidi, ameitikia pamoja na wenzake bila kuwatangulia wala kubaki nyuma. Sisemi kwamba kisomo ni muziki; heshima ya kila kimoja inajulikana. Ninachosema ni kwamba sikio ni lilelile, na limeshanolewa.

Hali ni hiyo pia kwa mtoto aliyekulia kwaya ya kanisani, ambaye ameshazoea kushika sauti yake huku jirani akiimba nyingine. Na kila mtoto wa Kiswahili amebeba mizani kinywani. Wimbo wa taarabu wa jadi mara nyingi huenda kwa mishororo mitatu kila ubeti, mizani nane na nane, vina vikiwa katikati na mwishoni. Mtoto anayejua kukariri ubeti huo ameshahesabu mapigo bila kuambiwa kwamba anahesabu. Mwalimu mzuri huanzia hapo. Humwomba mtoto aseme ubeti, kisha aupige kwa viganja, kisha auimbe, na ala huja mwisho.

Katika Japani ya karne iliyopita, mwalimu Shinichi Suzuki alijenga njia yake yote ya kufundisha fidla juu ya wazo kama hilo: mtoto ajifunze muziki kama anavyojifunza lugha ya mama, kwa kusikia kwanza na kusoma baadaye, mzazi akiwa amekaa naye darasani. Wazee wa vilabu vyetu hawakuwahi kumsikia Suzuki, lakini wangemwelewa.

Hofu za mzazi

Hofu ya kwanza ni ya maadili: muziki utampeleka mtoto kwenye uhuni. Siibezi, kwa sababu mzazi anayeuliza hivyo anampenda mwanawe. Namjibu kwa kumwomba aende akaone. Akae saa moja, aangalie nani anafundisha, milango iko wazi au imefungwa, watoto wanaondoka saa ngapi na wanazungumzishwa vipi. Kituo kisichopenda kutembelewa na mzazi ni cha kukimbiwa. Kituo kinachomkaribisha kinamwongezea mtoto wazee wa kumwangalia. Na mzazi ambaye imani yake haimruhusu mtoto kupiga ala, ajue kwamba kuna dufu, kuna kasida, kuna ushairi. Mlango haujafungwa wote.

Hofu ya pili ni ya masomo, na kuna wanaoitibu kwa dawa ya uongo. Wanasema muziki humwongezea mtoto akili ya hesabu. Dai hili lilipata nguvu mwaka 1993, baada ya jaribio moja Marekani ambapo wanafunzi 36 wa chuo kikuu walisikilizishwa Mozart kabla ya mtihani mfupi. Walifanya vizuri kidogo katika maswali ya kupima maumbo, na faida hiyo ikayeyuka ndani ya robo saa. Hawakuwa watoto, wala hawakupiga ala yoyote. Hata hivyo mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia alitaka kila mtoto mchanga apewe diski ya muziki. Msimpeleke mtoto chuoni kwa ahadi kama hiyo, kwa maana alama zisipopanda mtamwondoa, naye atakuwa amenyang'anywa kitu chema kwa kosa lisilo lake. Muziki utamfundisha kusikiliza kabla ya kujibu, kurudia jambo hadi linyooke, na kunyamaza zamu ya mwingine inapofika. Hayo yanatosha.

Afanye nini mzazi

Kwanza, amfikishe. Jambo hili linaonekana dogo, lakini watoto wengi niliowaona wakiacha hawakushindwa na ala. Walishindwa na nauli ya Jumamosi, au na mzazi aliyesahau mara tatu mfululizo. Siku ya darasa iwe na uzito wa siku ya shule.

Pili, nyumbani apewe dakika kumi na tano kila siku. Mazoezi mafupi ya kila siku yanazidi saa mbili za mwisho wa wiki, kwa kuwa kidole husahau upesi. Msimpeleke chumba cha nyuma kama anayewasumbua. Apige mlipo, hata akirudia mstari mmoja hadi nyanya yake akaujua.

Tatu, msimwonyeshe kwa wageni mapema. Mtoto anayelazimishwa kupiga sebuleni kabla hajawa tayari hujifunza aibu, na aibu huchukua muda mrefu kuondoka. Mwulizeni badala yake, "Leo umesikia nini?" Swali hilo linamwambia kwamba kusikia nako ni kazi.

Nne, mpelekeni akasikilize wakubwa: harusini, kwenye maulidi, Ngome Kongwe wakati wa tamasha, au kwenye mazoezi ya klabu iliyo karibu. Akisinzia begani, mwacheni asinzie. Sikio halilali.

Na vituo navyo vina haki kwetu. Nyuzi hukatika, walimu huzeeka, kodi ya jengo hudaiwa. Vyuo vya namna hii haviishi kwa karo za watoto peke yake, hasa vinapokataa kumfukuza asiye na karo. Mwenye fidla inayolala kabatini tangu babu alipofariki, aitoe. Mwenye duka anunue seti ya nyuzi. Mzee ajuaye bashrafu, muziki wa ala bila kuimba, ambayo vijana hawaijui, aende akawafundishe akiwa bado ana nguvu za mkono.

Jioni moja, si zamani, nilikaa kwenye mazoezi ambapo binti mdogo alikuwa na kazi moja tu, kugonga mkwasa. Mara mbili aliingia kabla ya wakati, na mara mbili mzee wa fidla alisimamisha wote, bila hasira, wakaanza upya. Mara ya tatu hakuwatazama tena. Alifumba macho akasikiliza, akagonga mahali pake.

Wiki ijayo tutaingia karakana za ala: nani anaunda udi na vidumbaki leo, kwa mti gani na ngozi gani, na nani atarithi kazi hiyo.