Gari Lililotumika: Tutazame Daftari Kabla ya Rangi



Popote tukutanapo hapa Uingereza, iwe harusini au hitimani, mazungumzo hayakawii kufika kwenye magari. Vijana wetu ni mabingwa wa mabishano hayo, na kila mmoja ana chama chake. Wapo wa Toyota, wanaoapa kwamba hakuna injini yenye uvumilivu kama wake. Wapo wa Volkswagen na BMW, wanaosifu jinsi gari la Kijerumani linavyotulia katika barabara kuu. Na wapo wa Peugeot, ambao wengi wao wamerithi mapenzi hayo kwa wazee walioiona 504 ikishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978.

Hatukusudii kuikata kesi hiyo, kwani kila upande una hoja zake. Tunalotaka kulisema ni kwamba gari lililotumika halinunuliwi kwa jina, bali kwa maisha liliyopitia. Corolla iliyonyimwa oili ni hasara tupu mbele ya Golf iliyotunzwa. Na kwa familia zetu, ambazo hununua gari kwa akiba ya zamu za usiku, hasara hiyo si jambo la kubishania tu.

Tuanze na mapambo. Rimu za kung'aa, viti vya ngozi na paa la kioo hupandisha bei siku ya kununua, lakini havilipeleki gari mbali zaidi. Rimu kubwa hudai matairi ya bei kubwa, na injini yenye nguvu hudai bima kubwa. Kwa kijana mwenye leseni mpya, bima ya mwaka mmoja huenda ikazidi bei ya gari lenyewe. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Lililo muhimu ni kumbukumbu. Tangu mwaka 1960 nchi hii ina mtihani wa MOT, na leo gari la kawaida likitimiza miaka 3 (miaka 4 huko Ireland ya Kaskazini) hupimwa kila mwaka. Matokeo yake yamewekwa katika tovuti ya serikali, na mtu yeyote mwenye namba ya gari huyasoma bure. Humo mtaona maili zilizosomwa kila mwaka. Zikipungua badala ya kuongezeka, ulizeni kwa nini. Mtaona pia maonyo ya kutu, breki na matairi. Kosa linalojirudia kila mwaka linawaambia kwamba mwenye gari alikuwa akiahirisha matengenezo.

Tena, ile hati ya V5C humtaja aliyeandikishwa kulitunza gari. Si ushahidi kwamba ni mali yake. Hakikisheni gari halina deni la mkopo, msije mkaingia katika mzozo usiokuwa wenu. Ulizeni pia kama mkanda wa injini umebadilishwa kwa wakati wake, kwa kuwa katika injini nyingi mkanda huo ukikatika hasara yake ni kubwa. Na kumbukeni kwamba tangu Oktoba 1, 2014 kodi ya barabara haihamii kwa mnunuzi. Lazima mlipe yenu kabla ya kuondoka.

Dizeli inahitaji tahadhari ya peke yake. Wapenzi wake husifu nguvu zake na uchache wa mafuta inayotumia katika safari ndefu, na ni kweli. Lakini chujio la masizi lililomo katika dizeli za siku hizi huziba gari likitumika kwa vijisafari vya shule na dukani tu. Isitoshe, tangu Agosti 29, 2023 eneo la ULEZ limeenea wilaya zote za London, na dizeli nyingi zilizoandikishwa kabla ya Septemba 2015 hutozwa pauni 12.50 kwa siku. Ndiyo sababu baadhi yake huuzwa kwa bei ya kuvutia.

Kwa wanaofikiria kulipeleka gari nyumbani, usukani wa kulia unatufaa. Hata hivyo, Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8, na Tanzania hulitoza gari kuukuu ushuru wa ziada. Tena magari mengi yaliyotumika huko yametoka Japani, na vipuri vya sokoni hufuata hayo. Toyota iliyouzwa Uingereza yaweza kuwa na injini ambayo fundi wa Mombasa au Dar es Salaam hajaizoea. Ulizeni kwanza nyumbani, ndipo mlipie meli.

Mwisho, liendeeni gari mchana, injini ikiwa baridi. Likiwashwa, tazameni moshi: wa buluu ni oili inayoungua, na mweupe usiokoma huenda ni maji yanayoingia ndani ya injini. Mchukueni fundi mnayemwamini, mkamlipe ujira wake. Ujira huo ni mdogo kuliko bei ya injini. Na muuzaji akiwaharakisha kwa kusema kuna mteja mwingine njiani, mwacheni ampokee mteja wake. Nyinyi rudini nyumbani na akiba yenu.